Goma: ukitafuta nyumba ya zamani, angalia chini

Wageni wakifika Goma, huku mashariki mwa Kongo, wananiuliza nyumba za zamani ziko wapi, nawajibu zipo ila nyingine mnazikanyaga, wanadhani natania. Mimi ni arshitekti, kazi yangu kubwa ni kukagua majengo ya zamani kabla mwenyewe hajaongeza etaji (ghorofa), na hapa kwetu kitu cha kwanza ninachoangalia siyo paa wala ukuta, ni mlango umekaa kimo gani na barabara.

Yote ni sababu ya tarehe 17 Januari 2002. Siku ile Nyiragongo, volkano yetu, haikufurika kutoka mdomoni kule juu kama wengi wanavyosimulia, mlima ulipasuka ubavuni upande wa kusini, nyufa zikashuka mpaka karibu na Munigi, yaani mlangoni mwetu kabisa, lava ikapita uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji, ikaishia ndani ya Ziwa Kivu. Kama asilimia 13 ya mji ikafunikwa. Lava ya huu mlima ina silika kidogo sana (madini yanayoifanya lava iwe nzito), ndiyo maana inakimbia kama uji mwepesi, nyumba ya mbao inaiunguza inaisha, lakini ya simenti ikiwa na bahati inabaki imesimama, lava inaingia kwa milango, inajaza vyumba vya chini na kupoa humohumo. Baadaye matingatinga yakaja kusawazisha, barabara ikatengenezwa juu ya yale mawe, na mji ukaendelea na biashara zake ukiwa umepanda mita moja, mbili, kwingine zaidi.

Mwezi jana niliitwa na mama mmoja katikati ya mji, anataka kuongeza etaji. Nikazunguka nyumba sioni pa kuingilia. Nikamuuliza, "Mama, mulango iko wapi?" Akacheka. "Ile balkoni njo mulango." Kweli, unatoka barabarani unaingia moja kwa moja kwenye balkoni ya zamani, vyuma vya kuegemea wamevikata na vipande vyake bado vinatokeza kwenye simenti (angalia mguu wako). Ndani, nyuma ya magunia ya makala (makaa), kuna ngazi ya kushuka. Nilihesabu vidato vitatu, cha nne nusu yake iko ndani ya jiwe jeusi, na mkono wa ngazi wa mbao umekatikia hapo ukiwa mweusi kama kijinga cha moto.

Sasa mama anasema, si chini pamejaa jiwe, msingi gani tena unataka? Hapo ndipo watu wanapojidanganya. Lava inapoa juu kwanza, chini bado inatembea, ikiisha kutiririka inaacha uwazi. Ukichukua mtaimbo ukagonga pole pole, sehemu moja inalia kama chuma, hatua mbili mbele inalia kama ngoma. Kwenye ngoma huweki nguzo. Kwa mama nilikuta ngoma karibu nusu ya sebule.

Hilo jiwe ndilo mji mzima. Kuta zetu za mawe meusi zimetoka humo, yanapasuliwa kwa nyundo, chukudu (baiskeli za mbao za kusukuma) zinayabeba, masoni wanayapanga na kuchora simenti katikati. Hata vyoo ni sababu hiyo, kuchimba shimo kwenye lava ni kazi ya wendawazimu ndiyo maana vingi vimejengwa juu na unavipanda kwa ngazi. Na mbao? Watu wanaona ni umasikini tu, lakini ubao unapanga juu ya mawe bila kuchimba, na siku ya kuhama unabomoa unabeba.

Nyumba za Wabelgiji zilizoponea zimebaki upande wa Himbi, kando ya ziwa, zile fupi zenye baraza. Lava ya 2002 haikufika huko, ile ya tarehe 22 Mei 2021 iliishia Buhene, ukingoni mwa mji, sasa zinamalizwa na hoteli. Miye zinaniuma kidogo, siyo sana. Kinachoniuma zaidi ni mtu kuziba ngazi kama ile ya mama kwa simenti ili apate sentimita themanini za butike.

Mama mwenyewe bado hajaamua. Nimemwambia kabla ya etaji tutoboe sakafu kwenye ile ngoma, tushushe taa. Akauliza kama tutafika jikoni kwake, maana kuna sufuria kubwa aliiacha motoni.