Ndege adimu za Wajerumani za Vita Kuu ya Pili: yanayosemwa na ukweli wake

"Iliyozama baharini imehifadhika, kazi ni kuitoa na kuiosha"

Kati ya dhana zote, hii ndiyo yenye hasara kubwa. Ndege iliyofukiwa na mchanga wa bahari, pasipo hewa ya kutosha, huliwa polepole. Ikishatolewa juu ndipo mbio zinapoanza. Duralumini iliyotumika enzi hizo ni alumini yenye takribani asilimia 4 ya shaba. Shaba huipa nguvu lakini huiondolea ustahimilivu wa chumvi. Bamba lililokaa baharini huwa limejaa vishimo vidogo vyenye chumvi ndani. Likiachwa likauke kwenye hewa, vishimo hivyo huendelea kujichimba na bamba hubanduka tabaka kwa tabaka. Penye bolti za chuma hali ni mbaya zaidi: chuma na alumini vikigusana ndani ya maji ya chumvi hufanya kazi kama betri, na upande unaoliwa ni alumini. Magnesi ndiyo hutangulia kwisha; sehemu zilizotengenezwa kwa metali hiyo huenda wazamiaji wasizikute kabisa.

Tazama ndege ya kuangusha mabomu Dornier Do 17, iliyodunguliwa Agosti 1940 na kuinuliwa kutoka Goodwin Sands, Uingereza, tarehe 10 Juni 2013. Hakuna nyingine ya aina hiyo inayojulikana iliyobaki karibu nzima. Haikupelekwa ukumbini. Ilipelekwa Cosford, kwenye tawi la jumba la makumbusho la jeshi la anga la Uingereza, ikawekwa ndani ya mahandaki ya plastiki na kunyunyiziwa maji yenye asidi ya sitriki, ile ya ndimu, iliyopunguzwa ukali kwa kostiki soda. Kila kimoja kina kazi yake. Asidi hulegeza magamba ya viumbe wa baharini na ukoko wenye chumvi. Soda huzuia asidi isivuke mpaka. Ngozi nyembamba ya oksidi inayoilinda alumini hudumu kati ya pH (kipimo cha uasidi) 4 na 9 hivi. Ukishuka chini ya hapo au kupanda juu yake, metali yenyewe inayeyuka. Mwenye haraka akimwaga siki au kostiki tupu, ataondoa magamba pamoja na bamba.

Utaratibu wenyewe ni huu: mabaki yasikauke hata saa moja tangu yatoke majini, magamba yakwanguliwe kwa plastiki au mbao, kamwe yasiguswe na brashi ya waya, injini zitengwe, maana ndani yake mna metali nyingi tofauti zilizobanana, maji yanayotiririka yapimwe kloraidi, yaani chumvi, mara kwa mara. Kipimo kikishuka na kutulia chini, hapo ndipo unakausha na kupaka nta au rangi ya kinga. Hii ni kazi ya miaka. Anayeahidi miezi mitatu, mkwepe.

Na kuinua kwenyewe ni hatari. Ndege kubwa ya doria Focke-Wulf Fw 200 Condor iliyotolewa kwenye fiodi ya Trondheim, Norwe, mwaka 1999 ilivunjika wakati wa kuinuliwa. Ukarabati wake ulifikia tamati mwaka 2021, na sehemu nyingi ilibidi ziundwe upya. Ndani ya maji, ndege hubebwa na maji. Ikifika juu ya uso wa bahari uzito wote huangukia viungo vilivyooza, tena ikiwa bado imejaa maji na tope. Yaache maji hayo yachuruzike kwanza kabla ya kreni kuvuta zaidi.

Ziwa lisilo na chumvi ni habari nyingine. Ndege za usafirishaji za Ju 52 zilizotua juu ya barafu ya ziwa Hartvigvatnet, karibu na Narvik, Aprili 1940, zilizama barafu ilipoyeyuka. Kadhaa zilitolewa miaka ya 1980 zikiwa katika hali ambayo bahari isingeziachia.

"Zinazoruka kwenye maonyesho ni za Kijerumani halisi"

Chache sana. Nyingi za zile ndege za kivita zinazoitwa Messerschmitt Bf 109 ni Hispano Buchón za Hispania, zilizofungwa injini ya Kiingereza, Rolls-Royce Merlin. Mtaalamu hahitaji kuuliza. Injini ya Daimler-Benz ya Bf 109 halisi imekaa kichwa chini, kwa hiyo ekzosi ziko chini ubavuni. Merlin imesimama, ekzosi ziko juu karibu na kioo cha rubani. Pangaboi la Buchón lina mapanga manne, la Bf 109 matatu. Ndege ya mabomu Heinkel He 111 ina pacha wake wa Hispania pia, CASA 2.111. Na ukiona Storch, ndege ndogo ya upelelezi, yenye injini ya duara puani, hiyo ni Morane-Saulnier ya Ufaransa.

Ndege za kivita za jeti Me 262 zilizojengwa upya Marekani hutumia injini za General Electric zilizofichwa ndani ya ganda lenye umbo la Jumo 004, injini yake ya asili. Si udanganyifu. Jumo ya awali, kwa uhaba wa nikeli na kromiamu, ilikuwa inadumu saa 10 hadi 25 tu, na hakuna mwenye akili atakayepanda nayo kila wikiendi.

Halisi zipo lakini. Ndege ya kivita Fw 190 A-5 namba 1227 ilikutwa mwaka 1989 katikati ya msitu karibu na Leningrad, ikiwa imesimama miti imeota kuizunguka, na mwaka 2010 iliruka tena kwa injini ya BMW 801.

"Imekarabatiwa, basi ni ile ile"

Inategemea kazi. Ya kusimama ukumbini inaweza kubaki na mabamba yake, ribiti zake na hata rangi ya kiwandani. Ya kuruka haiwezi: mihimili ya mabawa hubadilishwa, mabamba huwekwa mapya, na wakati mwingine kinachobaki cha zamani ni kibati cha namba na vipande vichache. Maoni yetu ni kwamba ndege iliyobaki peke yake duniani isirushwe. Bf 109 G-2 iliyoitwa Black 6 ilikarabatiwa kwa miaka karibu ishirini, ikaruka mwaka 1991, ikaanguka Duxford mwaka 1997. Ilitengenezwa tena, lakini ya kutazamwa tu.

"Ikishakaa makumbusho haina hatari"

Do 335, ndege ya kivita yenye pangaboi mbele na nyuma, pekee iliyobaki ilipofunguliwa kwa ukarabati nchini Ujerumani katikati ya miaka ya 1970, mafundi walikuta vilipuzi vya kung'oa pezi la mkia na pangaboi la nyuma, vilivyowekwa ili rubani ajirushe salama, bado vimo na vingali hai. Miaka 30! Kabla ya kugusa kiti, kagua vilipuzi na mitungi ya oksijeni. Saa za vipimo za chumba cha rubani zilizopakwa radiamu, metali yenye mionzi, hazikwanguliwi wala kufunguliwa mezani. Vumbi lake likivutwa puani ndilo lenye madhara.

"Aliyeiona kwanza ndiye mwenyewe"

Hapana. Uingereza, sheria ya 1986 inalinda kila ndege ya kijeshi iliyoanguka nchini humo au kwenye maji yake, iwe ya nani. Kuichimbua bila kibali cha Wizara ya Ulinzi ni kosa. Ukiuziwa kipande, dai karatasi.

"Kuziona lazima uende Ulaya au Marekani"

Me 262 ya usiku yenye viti viwili, "Red 8", iko Johannesburg, mtaa wa Saxonwold, kwenye Jumba la Makumbusho la Historia ya Kijeshi la Ditsong. Hapo hapo kuna Fw 190 A-6 na Bf 109. Ukifika, tazama puani mwa Red 8: zile fito zilizochomoza ni antena za rada.