Kabla ya kugawanya pande zote: programu za aljebra na alama za < na ≥

Mkulima wa viazi wa Uporoto anauza gunia kwa bei p. Gharama ya gunia hilo, tangu mbegu hadi nauli ya kulifikisha Mbeya mjini, ni c. Anataka faida isiyopungua shilingi 600,000, kwa hiyo akiuza magunia x, sharti lake ni (p − c)x ≥ 600000. Wanafunzi wengi hukimbilia kugawanya pande zote kwa p − c na kuandika x ≥ 600000/(p − c).

Weka namba uone. Bei ikiwa 70,000 na gharama 75,000, kanuni hiyo inatoa x ≥ −120, yaani idadi yoyote ya magunia inamtosha. Ukweli ni kwamba magunia 30 yanamtia hasara ya 150,000. Kosa ni moja: p − c ilikuwa hasi, na alama ilipaswa kugeuka. Bei na gharama zikilingana hali ni mbaya zaidi, maana umegawanya kwa sifuri.

Programu ya aljebra nayo haijui bei ya sokoni, ndiyo maana inasita. Kwenye SymPy, programu ya aljebra inayotumika ndani ya lugha ya kompyuta ya Python, ukiandika (x < 3) + 1 unapata kosa la TypeError, kwa sababu x < 3 inahesabiwa kuwa tamko la kweli au uongo, si namba ya kujumlishwa. Mathematica, programu nyingine ya aina hiyo, hailalamiki, ila inaiacha 1 + (x < 3) vilevile. Programu haijaharibika, kusita huko ni kwa faida yako.

Hatari inaanza pale unapoilazimisha kubadilisha ishara za pande zote mbili. Mathematica ukiiagiza (-# &) /@ (x < 3), inakupa −x < −3 bila onyo lolote, kwani umeiambia ibadilishe kila upande peke yake. Jaribu x = 0: sharti la mwanzo ni kweli, la pili ni uongo. Tumia amri yake ya MultiplySides (zidisha pande zote), iliyopo tangu toleo la 11.3 la mwaka 2018. Ukizidisha kwa −1 inageuza alama yenyewe, na ukizidisha kwa herufi inakugawia majibu kufuatana na ishara ya herufi hiyo. SymPy ina amri ya reversedsign kwa kazi hiyo ya kuzidisha kwa −1.

Kilicho bora ni kuiambia programu mapema unachokijua. Maxima, programu nyingine ya aljebra, hupokea assume(p > c). SymPy hupokea Symbol('x', positive=True), yaani x ni chanya, lakini angalia sana hapa: x iliyotangazwa chanya na x isiyotangazwa ni herufi mbili tofauti kwake, hata kama kwenye skrini zinafanana. Ukizichanganya, ukitoa moja kwa nyingine hupati sifuri kamwe. Bila tangazo lolote, SymPy huichukulia x kuwa namba changamano, yaani si lazima iwe namba halisi ya kawaida. Vilevile usiandike 0 < x < 3 kwa mkupuo. Python itataka kujua ukweli wa 0 < x kwanza, na kosa litatokea. Andika And(0 < x, x < 3).

Kwa masharti magumu, amri ya Reduce ya Mathematica hutumia njia ambayo mwanahisabati George Collins aliieleza mwaka 1975, ya kuigawa nafasi yote katika vipande ambavyo ndani yake ishara hazibadiliki. Ni njia ya uhakika, ila kazi yake inapanda kwa kasi ya kutisha kila unapoongeza herufi. Punguza herufi kabla ya kuiita. Hapa andika f badala ya p − c, kisha tenga hali tatu: f chanya, f sifuri, f hasi. Kwa kuwa x haiwezi kuwa hasi, ni ile ya kwanza tu yenye jibu.

Mwisho pima jibu mpakani. Kwa f = 20,000 jibu ni x ≥ 30: magunia 29 yanaleta 580,000, hayatoshi; 30 yanaleta 600,000 kamili, na alama ya ≥ inayakubali. Ingekuwa >, angehitaji 31.