Jua Kali, Maji ya Theluji: Dhana Potofu Kuhusu Mabwawa ya Milimani

Bwawa lililojengwa na watu humpa mgeni imani kubwa kupita kiasi. Akiona ukuta wa zege, gati na maegesho ya magari, anadhani hata maji yamefugwa. Makosa mengi huanzia hapo, na lililo kubwa kuliko yote linahusu baridi.

"Jua linawaka, maji lazima yawe ya uvuguvugu." Ukichovya mkono kando ya gati, unapima tabaka la juu tu. Maji huwa mazito zaidi yanapofika nyuzi 4 za Selsiasi, kwa hiyo ya baridi hutulia chini na yaliyopata joto huelea juu yake kama blanketi. Upepo ukivuma kutwa nzima, hulisukuma blanketi hilo upande mmoja na maji ya chini yakapanda upande wa pili. Ndiyo maana ufuo waliooga watoto jana unaweza kukufisha ganzi vidole leo. Tena kumbuka maji yenyewe yametoka wapi. Bwawa la Dillon katika jimbo la Colorado, Marekani, liko takriban mita 2,750 juu ya usawa wa bahari, na mito inayolijaza hubeba theluji inayoyeyuka wakati watu huku chini wameshavaa kaptula.

"Baridi huua polepole. Nikianguka, nitaogelea hadi ufukweni." Hii ndiyo dhana inayoniumiza zaidi, kwa sababu wanaoiamini mara nyingi ni waogeleaji wazuri. Wanafikiria mwili kupoa kwa saa nyingi, ilhali hatari ya kwanza huja ndani ya sekunde. Mtu akitumbukia ghafla kwenye maji ya chini ya nyuzi 15, kifua hushtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu bila ridhaa yake. Kama uso uko chini ya maji wakati huo, kinachoingia mapafuni si hewa.

Wakufunzi wa uokoaji wana kanuni rahisi kwa maji ya baridi kali: 1, 10, 1. Una dakika 1 ya kuituliza pumzi, kama dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, na kama saa 1 kabla baridi haijakupotezea fahamu. Tatizo ni zile dakika 10. Damu hukimbilia katikati ya mwili kulinda moyo na ubongo, misuli ya mikono inakufa ganzi, na mtu anayejua kuogelea anashindwa kupiga hata mkono mmoja. Asiye na jaketi la kuokoa maisha huzama hapo, muda mrefu kabla ya ile saa kufika. Aliyelivaa bado anaelea, na bado anaweza kufikiwa.

Nasema aliyelivaa. Jaketi lililosukumwa chini ya kiti halimsaidii aliyekwisha kuanguka, maana kufunga vishikizo ukiwa majini, huku unatweta na vidole havishiki, ni kazi isiyowezekana kwa wengi. Takwimu za Walinzi wa Pwani wa Marekani husema jambo lilelile mwaka baada ya mwaka: kati ya waliokufa maji katika ajali za boti, zaidi ya wanne katika kila watano hawakuwa wamevaa jaketi.

Ukianguka, usianze kuogelea. Shika boti au lala chali, subiri pumzi irudi, kisha tumia nguvu ulizonazo kupanda tena botini mapema. Boti ikipinduka, baki nayo. Huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu.

Na pombe ya "kupasha mwili"? Hufungua mishipa ya ngozi, ukahisi joto kwa kitambo huku joto la ndani likitoroka.

"Asubuhi maji yametulia kama kioo, siku itakuwa njema." Milimani asubuhi haitoi ahadi ya alasiri. Jua likipasha miteremko, hewa hupanda, upepo huanza kupuliza kutoka bondeni, na mawingu ya radi hujengeka juu ya vilele. Bwawa refu na jembamba huupitisha upepo huo kama bomba, na mwenye kayaki aliyevuka kwa raha saa tatu asubuhi anajikuta akipambana na mawimbi saa tisa mchana. Toka mapema, pita karibu na ukingo. Ukisikia ngurumo, ondoka majini, na usirudi hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

"Tulipita hapahapa mwaka jana." Ziwa la asili hubadilika taratibu, lakini bwawa hushushwa na kupandishwa kwa mahitaji ya mashamba, miji na umeme. Kisiki kilichokuwa mita kadhaa chini yako mwaka jana huenda leo kiko sentimita chache chini ya uso. Mwamba wa kurukia nao ni hivyo hivyo: urefu wake unauona, kina kilichobaki chini yake hukioni. Karibu na ukuta, maboya yaliyofungwa kwa mstari ni mpaka wa kweli. Milango ya kuvuta maji huwa chini ya uso, kwa hiyo mkondo unaweza kuwa na nguvu hata pale juu palipotulia.

"Injini imeanza kuchoka." Pengine ni nzima. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyo na taabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Punguza abiria na mizigo.

"Tone la maji lililobaki botini halidhuru." Kome wenye milia kama ya punda milia asili yao ni maeneo ya Bahari Nyeusi na Kaspi. Mwaka 1988 waligunduliwa katika eneo la Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, na tangu hapo wamesambaa hadi kuziba mabomba ya maji na ya mitambo ya umeme. Viluwiluwi vyao havionekani kwa macho, na vinaweza kusafiri katika maji yaliyobaki chini ya sakafu ya boti. Kwa hiyo kabla ya kuondoka bwawani, toa majani yaliyonasa kwenye propela na trela, chomoa kizibo, mwaga maji ya injini na ya tangi la samaki, kisha acha boti ikauke kabisa, hadi kamba na nanga, kabla haijagusa maji mengine.