Sarafu za Wagothi: sura ya nani hiyo?

Dhana: Sarafu ya Wagothi lazima iwe na sura ya mfalme wao.

Wagothi walikuwa watu wa kabila la Kijerumani, wenye matawi mawili: wa Mashariki na wa Magharibi. Theodoric, mfalme wa wale wa Mashariki, alitawala Italia kuanzia 493 hadi 526, lakini sarafu za dhahabu zilizofuliwa chini yake zina sura na jina la Kaisari wa Konstantinopoli: kwanza Anastasius, kisha Justin. Ndiyo maana wengi huzidhani za Kirumi tupu. Jina la Theodoric utalikuta kwenye vipande vidogo vya fedha, tena upande wa nyuma, herufi zake zikiwa zimesukwa kuwa alama moja.

Wapo wanaouita huo utiifu. Mimi naona ni hesabu ya soko, maana dhahabu yenye sura ya Kaisari haikuulizwa maswali popote. Mtazame Totila, mfalme wa baadaye wa Wagothi hao wa Italia. Alipokuwa vitani na Kaisari Justinian miaka ya 540, alimfuta adui yake kwenye sarafu za fedha, na mahali pake akamrudisha Anastasius, aliyekuwa kaburini tangu 518!

Waliojionyesha wapo, ila wachache. Theodahad, mfalme huko Italia (534–536), aliweka uso wake kwenye shaba, masharubu yakionekana wazi. Theodoric mwenye masharubu tunaye kwenye kipande kimoja cha dhahabu, kizito mara tatu ya sarafu ya kawaida, kilichohifadhiwa Roma. Huko Hispania, Leovigild, mfalme wa Wagothi wa Magharibi (568–586), ndiye aliyethubutu kuweka jina lake kwenye dhahabu.

Dhana: Maandishi ya sarafu hizo ni ya Kigothi.

Ni Kilatini. Askofu Wulfila aliwabunia Wagothi alfabeti katika karne ya 4, lakini ilitumika kwa Biblia. Shaba ya Roma wakati wao inasomeka INVICTA ROMA, yaani Roma isiyoshindwa, na nyuma mbwa mwitu jike ananyonyesha mapacha. (Ukiuziwa sarafu ya "Gothic" ya 1847, hiyo ni ya Malkia Victoria wa Uingereza. Mtindo wa herufi tu.)

Dhana: Dhahabu yao ilikuwa hafifu.

Inategemea Wagothi gani. Ya Theodoric ilifuata kipimo cha Kirumi, karibu gramu 4.5. Lakini Waburgundi, majirani wa Wagothi wa Magharibi, waliandika kwenye sheria kwamba sarafu za Wagothi hao zilizofuliwa tangu enzi za mfalme wao Alaric wa Pili zisipokelewe.