Makumbusho Hayaji Mjini, Yanayokuja ni Maonyesho

Wiki iliyopita limepita tena tangazo la mwalimu wetu kwenye kundi la wazazi: "Makumbusho ya sayansi na picha yanakuja wilayani kwetu, msikose!" Kosa hili nimelisikia redioni, nimelisoma kwenye mabango, na sasa linafundishwa watoto. Naomba tulinyooshe.

Maonyesho ya kuzunguka ni vitu, picha za mnato au vifaa vya sayansi vilivyopangwa kwa mada moja, vikaandaliwa ili vifungashwe, visafirishwe na kupangwa upya mji mwingine kwa muda maalumu. Makumbusho ni taasisi inayovitunza vitu vya namna hiyo mwaka hadi mwaka. Maana yenyewe ndiyo hiyo.

Sasa tuyatazame maneno, maana tatizo limelala humo. Kumbuka, kumbusha, makumbusho. Hilo ni neno la kutunza, na kinachotunzwa kina mahali pake. Konda wa Dar es Salaam akiita "Makumbusho!" abiria wanajua wanashukia wapi, na jirani na kituo hicho kipo Kijiji cha Makumbusho chenye nyumba za jadi za makabila yetu, za miti, udongo na nyasi. Nyumba ya msonge haikunjwi ikapakiwa kwenye lori. Hata jengo la zamani la Makumbusho ya Taifa, lililofunguliwa mwaka 1940, lilijengwa kuwa ukumbusho wa Mfalme George wa Tano wa Uingereza.

Maonyesho yametoka kwingine kabisa: ona, onya, onyesha. Kuonya, ambako leo tunakujua kwa maana ya kutahadharisha, ni kumfanya mtu aone hatari. Wanaoandika onesha na maonesho wanaunda kitendo moja kwa moja kutoka ona, na sina ugomvi nao. Kwa vyovyote vile, hili ni neno la macho na la muda. Ukishaonyeshwa, shughuli imekwisha.

Kuna jozi nyingine ya maneno inayosaidia hapa: kuazima na kukopa. Ukikopa unga kwa jirani, utarudisha unga mwingine. Ukiazima sufuria, unarudisha sufuria ileile, na mwenyewe ataigeuza kuangalia kama imebonyea. Vitu vya maonyesho huazimwa. Kila kimoja husafiri ndani ya sanduku lililochongwa sponji kwa umbo lake, pamoja na hati inayoeleza hali yake: mkwaruzo huu hapa, ufa ule pale. Sanduku likifika huachwa kwa saa 24 hivi bila kufunguliwa ili lizoee joto na unyevu wa chumba. Kisha mtunzaji hufungua, akalinganisha kitu na hati mkwaruzo kwa mkwaruzo. Picha za zamani huwekwa kwenye mwanga hafifu, kiasi cha lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), kwa sababu mwanga huzifubaza na zikishafubaa hazirudi. Uangalifu wote huo ni kwa sababu mwenye mali yupo, na anasubiri.

Mfano wa Ethiopia unanigusa kuliko yote. Lucy, mifupa ya kale sana ya kiumbe wa jamii ya binadamu, ambaye Waethiopia humwita Dinkinesh, aligunduliwa Hadar, Ethiopia, mwaka 1974. Mwaka 2007 mifupa yenyewe, si nakala, ilipelekwa Houston, Marekani, kwa maonyesho. Wanasayansi wengi walipinga kitu dhaifu kiasi hicho kusafirishwa, na Smithsonian, taasisi kubwa ya makumbusho ya Marekani, ikakataa kuyapokea. Dinkinesh alirudi nyumbani mwaka 2013. Muda wote huo makumbusho ya Addis Ababa yalikuwa palepale Addis Ababa.

Picha ni rahisi zaidi, maana huchapishwa upya. Mpiga picha wa Marekani Edward Steichen alipofungua maonyesho yake, The Family of Man, New York mwezi Januari 1955, picha 503 kutoka nchi 68, zilitengenezwa seti kadhaa zikazunguka dunia kwa wakati mmoja na kutazamwa na watu zaidi ya milioni 9. Seti moja ikatulia kwenye ngome ya Clervaux, Luxembourg, mwaka 1994, na iko huko mpaka leo. Hapo ndipo nitakubali kuyaita makumbusho, kwa kuwa yamepata kwao.

Ninalisisitiza hili kwa sababu ya lililotokea mara iliyopita. Wazazi walisoma "makumbusho", wakajua yatakuwepo tu, wakangoja likizo. Walipofika na watoto ukumbi ulikuwa mtupu, misumari mitupu ukutani, na lawama zikawa kwamba makumbusho yamefungwa. Hayakufungwa. Muda wa kuazima ulikuwa umekwisha.

Mwalimu wetu, tunakushukuru sana kwa kuwapeleka watoto. Tangazo lijalo uandike tu "maonyesho", useme yanatoka makumbusho gani, na tarehe ya mwisho uiweke juu kabisa.