Nyigu wa Fabre: kisa kilichokatwa mkia

Dhana: Mdudu hufuata kanuni tu kama mashine, kwa hiyo hana ufahamu, yaani ndani yake hahisi chochote.

Wanaosema hivi hupenda kisa cha nyigu mchimbaji. Nyigu huyu humdunga nyenje mpaka apooze, humburuta hadi mlangoni pa shimo, humwacha hapo, huingia kukagua, kisha hutoka kumvuta ndani. Jean-Henri Fabre, mchunguzi wa wadudu wa Ufaransa katika karne ya 19, alimsogeza nyenje kidogo nyigu akiwa ndani. Nyigu alitoka, akamrudisha mlangoni, akaingia kukagua upya. Fabre alirudia mara 40, naye nyigu akarudia mara 40.

Ukweli: Hadithi haikuishia hapo. Fabre huyohuyo alijaribu kundi jingine la nyigu wa aina ileile. Baada ya mara mbili tatu, walimshika nyenje vipapasio wakamwingiza moja kwa moja, bila kukagua. Sehemu hii huachwa, na inaniuma, kwa sababu ndiyo yenye uzito: kanuni ilikuwapo, na nyigu waliweza kuiacha. Hata kama wangeirudia mara 1000, kurudia hakuonyeshi kwamba ndani hamna anayehisi. Sisi wenyewe huamka usiku mara ya pili na ya tatu kutazama kama komeo limefungwa.

Dhana: Ubongo mdogo kiasi hicho hauwezi kuhisi chochote.

Ukweli: Ubongo wa nyuki wa asali una seli za neva zipatazo milioni moja tu, lakini hukariri rangi, harufu na njia ya kurudi mzingani. Mwaka 2022, watafiti wa maabara ya Lars Chittka, mchunguzi wa nyuki, jijini London walieleza jinsi nyuki wakubwa wenye manyoya walivyoviringisha vigololi vya mbao, wakavirudia tena na tena, bila kutuzwa kwa hilo hata tone la maji ya sukari. Vijana waliviringisha zaidi kuliko wazee. Mimi sioni neno linalofaa hapo zaidi ya mchezo.

Dhana: Basi imeshathibitishwa kwamba wadudu wana ufahamu.

Ukweli: Bado. Azimio kuhusu ufahamu wa wanyama lililotolewa New York mwezi Aprili 2024, likatiwa saini na wanasayansi na wanafalsafa wengi, linataja uwezekano wa kweli tu wa ufahamu, kwa wanyama wengi wasio na uti wa mgongo, wadudu wakiwemo. Ila linaongeza kwamba kuupuuza uwezekano huo tunapoamua mambo yanayomgusa mnyama ni kukosa uwajibikaji.