Mafuta au masizi? Nyota iliyofifia Krismasi ya 2019

Krismasi ya 2019 niliila ukweni, Marangu. Vuli ya mwaka ule mnaikumbuka, mvua zilinyesha kama zimetumwa na barabara ya kupandia kule ikawa utelezi mtupu. Usiku wa tarehe 25 mawingu yakaachana kidogo. Mwezi haukuwepo. Nikatoka uani na kata ya mbege mkononi, shemeji zangu wakanifuata, na mmoja aliyepanda kutoka Dar akaniwashia simu usoni: "Shemeji, wewe si ndiye mtu wa nyota? Ni kweli hii inalipuka?"

Kazi yangu ni kufundisha fizikia Arusha. Jioni nawafundisha waongoza watalii kusoma anga, maana mgeni akishachoka kuuliza habari za simba, usiku kambini huuliza habari za nyota. Swali la shemeji nilikuwa nimeshaulizwa na watu wengi mno wiki ile.

Nyota yenyewe ni Betelgeuse. Jina hilo Wazungu walilichota kwa Waarabu, wakalichota vibaya: lilikuwa *yad al-jawza*, mkono wa Jauza, yaani Jabari, kundi la nyota lenye umbo la mtu (Wazungu huliita Orion), ila nukta mbili chini ya herufi ya kwanza zikasomwa kama nukta moja, *yad* ikageuka *bad*. Aliyepita madrasa ataona jinsi kosa hilo lilivyo rahisi. Mapema Desemba 2019, Edward Guinan na Richard Wasatonic wa Chuo Kikuu cha Villanova, Marekani, walitoa taarifa kwa wanaastronomia wenzao kwamba imefifia kuliko walivyowahi kuipima kwa miaka mingi. Habari ikavuka kwenda magazetini, na huko neno "kufifia" likapata mwenzake, "kulipuka".

Kufifia kwenyewe hukuhitaji darubini kukuona, na ndiyo sababu nilikipenda kisa hiki. Tafuta zile nyota tatu zilizojipanga mstari, mkanda wa Jabari. Kwetu Arusha, Jabari anapofika juu ya vichwa vyetu, miguu yake iko upande wa Simanjiro na mabega yako upande wa Mlima Meru. Bega jekundu ndilo Betelgeuse, bega la pili, jeupe, linaitwa Bellatrix. Siku za kawaida jekundu linalishinda jeupe waziwazi, hata mtoto anaona. Usiku ule Marangu niliilinganisha kwanza na Aldebaran, nyota nyingine yenye wekundu iliyo jirani, ambayo kwa kawaida huwa hafifu kuliko Betelgeuse. Aldebaran ilikuwa imeipita.

Iliendelea kushuka hadi Februari 2020. Mwezi mpevu wa tarehe 9 ulituharibia siku zenyewe za chini kabisa, kwa hiyo nikasubiri hadi katikati ya mwezi. Saa tatu kasoro usiku, nikiwa Njiro juu ya paa, nikatazama: mabega mawili sawasawa. Nuru iliyotufikia ilikuwa imebaki zaidi kidogo ya theluthi moja ya kawaida yake. Nakiri nilisisimka vibaya.

Na watu? Mwezi huohuo nzige waliingia mkoa wa Kilimanjaro. Tarehe 16 Machi ikatangazwa korona ya kwanza nchini, hapahapa Arusha. Nyota, nzige, ugonjwa: nani asingeunganisha? Kwenye vikundi vya WhatsApp zikazunguka sauti za watu nisiowajua zikieleza siku za mwisho kwa utulivu wa mtu anayesoma ratiba ya basi. Baadhi ya walimu wenzangu waliwacheka. Mimi sikuweza, kwa sababu wazee wetu walisoma anga kwa shida ya kweli, wakikitazama Kilimia, kile kishada cha nyota. Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Huo ni msimu, ni chakula. Mtu aliyelelewa hivyo akiambiwa nyota imebadilika, lazima aulize inamletea nini. Sisi wa fani nasi tulikuwa na tamaa yetu. Tangu 1604 hakuna nyota ya galaksi yetu iliyolipuka ikaonekana kwa macho matupu. Ile ya 1987 ililipuka nje, katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani na yetu. Kwa hiyo tulipokuwa tukisema "tulieni, haitalipuka", wengi wetu moyoni tulikuwa tunaomba ilipuke.

Walioogopa moto niliwajibu hivi. Betelgeuse iko mbali, miaka ya nuru kati ya 500 na 700, yaani nuru yake husafiri miaka hiyo yote kabla ya kutufikia. Ikilipuka itang'aa karibu kama mwezi nusu, mchana itaonekana, tutaikodolea macho kwa wiki kadhaa, na hakuna atakayebabuka. Walioniambia "imeshakufa zamani, tunaona mzuka" niliwajibu kwamba ni kweli nuru ile iliondoka huko enzi za usultani wa Kilwa, lakini nyota ya aina hii inakadiriwa kuwa na hadi miaka 100,000 kabla ya kulipuka. Mia sita si kitu.

Lakini jibu lililonikaa ni la baba mkwe. Usiku ule wa Krismasi alikuwa kimya kwenye kigoda chake, anasikiliza vijana wakibishana. Kisha akasema: "Mkwe, chemli ikififia, watoto hukimbilia kusema mafuta yameisha. Mimi huangalia kioo kwanza."

Tulicheka. Nikaanza kumweleza kwa adabu kwamba nyota haina kioo.

Betelgeuse ni jitu. Ukiiweka mahali pa Jua letu, ingezimeza Zebaki, Zuhura, Dunia na Mirihi. Uso wake hautulii. Fikiria uji mzito unaotokota, mapovu yanapanda na kupasuka, ila povu moja hapo linaweza kuenea sehemu kubwa ya nyota. Ina kawaida ya kupanda na kushuka kila siku 400 hivi, na mzunguko mwingine mrefu wa karibu miaka sita. Kwa hiyo kufifia si jambo geni kwake, kilichoshangaza ni kiasi. Andrea Dupree na wenzake, kwa darubini ya Hubble, waliona gesi ikitoka kwa nguvu upande wa kusini wa nyota kati ya Septemba na Novemba 2019. Miguel Montargès na wenzake walikuwa na picha zilizopigwa kwa darubini kubwa iliyoko Chile: Januari 2019 nyota nzima inang'aa, Desemba nusu ya kusini imetiwa giza. Juni 2021 wakatoa maelezo yao. Nyota ilitema donge la gesi, uso uliobaki chini ukapoa, na gesi hiyo ilipofika kwenye baridi ikagandamana kuwa vumbi, likatuziba. Nyota ilipiga moshi (wa Moshi mtanisamehe).

Masizi kwenye kioo.

Mwaka 2022 wakaja Wajapani na ushahidi nisioutarajia kabisa: setilaiti ya hali ya hewa, Himawari-8, inayopiga picha Dunia kila baada ya dakika chache, ilikuwa ikiikamata Betelgeuse pembeni mwa picha zake kwa miaka yote hiyo. Daisuke Taniguchi na wenzake wakafukua picha hizo, wakakuta vumbi na kupoa kwa uso vilichangia takriban sawa kwa sawa. Kwa lugha ya mzee: nusu ni masizi, nusu ni utambi kushuka. Mafuta hayakuguswa. Mafuta yako kwenye kiini, ndani kabisa, na kiini kikifika mwisho huanguka ndani ya sekunde moja huku uso ukiwa bado hauna habari. Ndiyo maana kumtazama usoni hakukuambii sana atakufa lini.

Kufikia Aprili 2020 ilikuwa imerudi karibu na hali yake, lakini wakati huo hakuna aliyekuwa akinipigia kuuliza habari za nyota.

Mzee nilimpelekea matokeo hayo mwenyewe, na kilo mbili za sukari. Hakushangaa, aliuliza tu kama wale wa Chile wamelipwa vizuri. Kisha Aprili 2023 Betelgeuse ikafanya kinyume, ikang'aa karibu mara moja na nusu ya kawaida. Nikampigia jioni moja, nikamwomba atoke nje atazame magharibi kabla mawingu ya masika hayajafunga. Nikasikia fimbo yake, mlango, mbwa akibweka. Akakaa kimya muda mrefu.

"Nimeiona," akasema. "Haya, kioo kasafisha nani?"